Gari la umeme halina moshi, bali lina mambo yake

MSOMAJI, simama dakika kumi tu katika Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi saa kumi na mbili jioni, matatu zikingoja abiria huku injini zikinguruma. Ukifika nyumbani, pangusa pua kwa kitambaa cheupe. Masizi utakayoyaona ni yale yaliyonaswa njiani. Mengine yako mapafuni.

Moshi huo si kero tu. Mnamo Juni 2012, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kiliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Isitoshe, chembechembe zake ndogo mno hupenya hadi katika damu, na ndiyo maana huhusishwa na maradhi ya moyo na kiharusi, mbali na kuchochea pumu.

Gari la umeme halina bomba la kutoa moshi. Na hapa Kenya tuna bahati: sehemu kubwa ya umeme wetu hutokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya maji na upepo wa Turkana. Kwingineko ambako umeme huzalishwa kwa makaa ya mawe, moshi huondolewa mjini ukahamishiwa kwa wanaoishi karibu na mtambo.

Hata hivyo, usidanganywe kwamba gari hili halichafui hewa kamwe. Magurudumu yakisagika barabarani hutoa vumbi, na betri hulifanya gari kuwa zito. Breki huchakaa kidogo, kwa kuwa mota yenyewe husaidia kulipunguza mwendo. Pia halina kelele. Hilo ni raha kwa masikio, lakini kipofu na mtoto huvuka barabara kwa kusikiliza. Ulaya iliona hatari hiyo, na tangu 2021 kila gari jipya la umeme linalouzwa huko sharti litoe sauti ya onyo likienda polepole.

Je, mfuko? Ukinunua lililotumika kutoka Japani, uliza hali ya betri kabla ya kuuliza bei. Betri huchoka, hasa kwenye joto, na kuibadilisha kunaweza kukugharimu pesa nyingi mno. Nissan Leaf ya kilowati-saa 40, hata ikiwa mpya, huenda kilomita 240 au zaidi kidogo kabla ya kuhitaji chaji. Safari ya Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi. Ukiishi ghorofa ya nne katika ploti ya kukodi, utachajia wapi? Tafadhali usiteremshe waya wa kuungaunga kutoka dirishani! Betri ya lithiamu ikishika moto hutoa gesi zenye sumu, na moto wenyewe ni mgumu kuzima.

Mimi sina gari la umeme, na nikiwa na fedha hizo leo sina hakika ningelinunua. Gari moja la mtu mmoja kati ya matatu mia tano halimpunguzii mama mboga wa kando ya barabara kikohozi. Basi linalozunguka mjini kutwa nzima ndilo litakalompunguzia. Mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria Nairobi tangu 2022, na kwa maoni yangu nafuu ya kodi ingeanzia hapo, pamoja na bodaboda.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni betri iliyokufa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari kuanzia 2007 hadi 2014. Madini ya risasi yaliingia katika damu ya watoto, na risasi hudumaza akili. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, uamuzi ukapingwa, na ni Desemba 2024 tu Mahakama ya Juu ilipourejesha.

Betri kubwa ya gari la umeme haina risasi, ingawa magari mengi ya aina hii bado hubeba na ile ndogo ya kawaida yenye risasi. Hiyo kubwa ina kemikali na madini yake. Hivi majuzi nilimwuliza muuzaji mmoja ataipeleka wapi ikichoka. Alicheka, akaniambia hakuna mteja aliyewahi kumwuliza swali hilo.