Bibi wa Piano na Vijana wa Diwani

Tarehe 17 Agosti 2016, katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, bibi mwenye umri wa miaka 75 aliketi mbele ya piano. Nyuma yake walikaa vijana wa Kiarabu na wa Kiisraeli, bega kwa bega, kila mmoja na ala yake. Bibi huyo ni Martha Argerich, mzaliwa wa Buenos Aires, mshindi wa mashindano ya Chopin ya Warsaw mwaka 1965. Aliyesimama mbele ya okestra, Daniel Barenboim, ni Myahudi aliyezaliwa mji huo huo na kulelewa Israeli. Wajuana tangu utotoni.

Wasomaji wetu wa pwani huenda wakauliza: hayo ya Wazungu na vinanda vyao yatuhusu nini? Yatuhusu, na tuanze na jina tu. Okestra yenyewe yaitwa Diwani ya Magharibi na Mashariki. Kwa mtunga mashairi wa Lamu, Mvita au Pemba, neno diwani halitaki mkalimani. Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, alipokuwa amepita miaka 60 alisoma kwa tafsiri mashairi ya Hafidh wa Shiraz, mtu wa karne ya 14 aliyepata lakabu hiyo kwa kuihifadhi Kurani. Mzee akashikwa na mashairi yale kama kijana, na mwaka 1819 akatoa diwani yake, ikiwa na anwani kwa hati za Kiarabu mwanzoni mwa kitabu. Wakati huo wako wasomi wa Ulaya waliodhani Mashariki hakuna ila ngamia na mchanga.

Goethe alikuwa akikaa Weimar. Na ni Weimar, mwaka 1999, Barenboim na rafiki yake Edward Said, Mpalestina mzaliwa wa Jerusalem, walikowakusanya vijana hao kwa mara ya kwanza. Said twamjua kwa kitabu chake cha 1978 kilichowafichua wataalamu wa Kizungu wa mambo ya Mashariki. Wachache wajua kwamba naye alikuwa mpiga piano hodari. Karibu na mji huo iko Buchenwald, kambi ambako Manazi waliangamiza maelfu ya watu. Vijana walipelekwa kuiona, Waarabu na Waisraeli pamoja.

Usiku ule wa London Argerich alipiga koncheto ya kwanza ya Liszt, ambayo nayo ilisikika mara ya kwanza Weimar, mwaka 1855, Liszt mwenyewe akiwa kwenye piano. Ndani yake mna kipande cha chuma kilichokunjwa pembe tatu, hugongwa kikalia kama kengele ndogo, na wakosoaji wa zamani walikicheka sana. Lakini anayekigonga hubaki uchi mbele ya umati: akikosea, hakuna fidla za kumfunika. Sasa fikiri kijana wa miaka ishirini na kitu, akijibizana hivyo na bibi ambaye vidole vyake vyasifika kwa kasi na moto. Bibi hamngoji, wala hamwachi nyuma. Tangu miaka ya 1980 Argerich ameacha takriban kabisa kupiga peke yake jukwaani. Apenda kuwa na wenziwe. Ndivyo ajifunzavyo mpiga udi kwetu: huketi kando ya fundi, akamtazama mkono, akakosea, akatazamwa kwa jicho moja tu linalotosha. (Wako masheikh wetu wasioziruhusu ala, na hoja zao zina uzito, ukurasa huu si mahali pa kuzipima.)

Ila tusidanganyike. Wako Wapalestina waliotaka okestra hii isusiwe, wakisema yawaonyesha dhalimu na mdhulumiwa kama majirani waliogombania ua. Neno lao si la kupuuzwa. Mwaka 2005 okestra ilipokwenda kupiga Ramallah, wanamuziki walipewa pasipoti za kibalozi za Uhispania ili waweze kufika; Waisraeli kwa sheria ya kwao walikatazwa kuingia humo, na Wasyria na Walebanoni nao walikuwa na makatazo yao. Yaani ili watu wapige Beethoven pamoja saa mbili, ilibidi wote wawe Wahispania kwa muda. Barenboim mwenyewe amesema mara nyingi kwamba okestra haileti amani. Twakubaliana naye. Kumsikiliza mwenzio hakumrudishii shamba lake.

Hata hivyo hatuoni kuwa kususia ndiko kuzuri zaidi. Mwaka 2011 Barenboim aliingia Gaza kwa njia ya Misri, pamoja na wanamuziki wa Ulaya, wakapiga simfoni ya 40 ya Mozart. Na Waarabu wengi waijua sauti yake ya mwanzo kwa kuwa Fairuz aliiimba. Huyo ni mtu aliyekwenda mwenyewe, mwaka ambao walio wengi katika serikali za dunia walitosheka na kutoa taarifa.

Mwaka 2025 Barenboim alitangaza kuwa ana maradhi ya Parkinson. Said alifariki mwaka 2003. Vijana wa mwanzo sasa ni watu wazima, na chuo chenye majina ya wawili hao kinafunza wengine mjini Berlin. Kinachotushughulisha sisi ni mtoto wa Gaza. Chuo cha Kipalestina cha muziki chenye jina la Edward Said kilikuwa na tawi huko. Baada ya vita vya Oktoba 2023 kuanza, walimu wake wameendelea kufunza watoto ndani ya mahema, kwa gitaa na fidla zilizookolewa. Mtoto huyo hana pasipoti ya Uhispania, wala hakuna aliyempelekea fundi mwenye mvi wa kuketi naye.