Mkataa Kwao Ni Mtumwa: Je, Daima?



Wapendwa wasomaji, wahenga wetu walituachia methali isemayo, "Mkataa kwao ni mtumwa." Ni methali yenye hekima, kwa maana humkumbusha mtu kwamba hakujizaa wala hakujilea mwenyewe. Hata hivyo, methali nzuri ikitumiwa kwa haraka huweza kumwumiza asiyestahili. Juma hili nawaalika tuipime kwa habari za mwanamke mmoja, Becky Hammon, mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka Marekani, ambaye mwaka 2008 aliambiwa hadharani kwamba si mzalendo.

Hammon alizaliwa mwaka 1977 katika mji wa Rapid City, jimbo la South Dakota. Kimo chake ni takriban sentimita 168, kimo kidogo sana katika mchezo huo. Mwaka 1999, alipomaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Colorado State, timu za ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, zilichagua wachezaji wapya, na hakuna hata moja iliyomchagua. Aliingia New York Liberty kwa mlango wa nyuma, akajithibitisha kwa kazi. Mwaka 2007 alihamia San Antonio, na msimu huo akashika nafasi ya pili katika kura za mchezaji bora wa ligi nzima. Lakini mwaka huohuo, wakuu wa mpira wa kikapu wa Marekani walipotangaza orodha ya kwanza ya wachezaji zaidi ya ishirini waliofikiriwa kwa ajili ya Olimpiki ya Beijing, jina lake halikuwamo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini. Mwanamichezo wa umri huo hujua kwamba akikosa Olimpiki moja, huenda hataiona nyingine.

Hapo ndipo Urusi inapoingia. Ligi ya Marekani huchezwa miezi ya kiangazi, na wakati huo mshahara wa juu kabisa ulikuwa takriban dola 100,000 kwa mwaka. Kwa hiyo wachezaji wengi walikwenda ng'ambo majira ya baridi, ambako baadhi ya klabu, hasa za Urusi, zililipa mara kadhaa zaidi. Hammon alitia sahihi na klabu ya CSKA ya Moscow. Idadi ya wageni katika klabu za huko ilikuwa na kikomo, hivyo mchezaji mwenye pasi ya Urusi alikuwa na thamani kubwa zaidi. Alipewa uraia wa Urusi bila kuupoteza ule wa kwao, na kanuni za kimataifa zinaruhusu kila timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja aliyepata uraia ukubwani. Mwaliko wa kufanya mazoezi na timu ya Marekani ulipokuja baadaye, yeye alikuwa amekwisha kuchagua.

Kocha wa Marekani wakati huo, marehemu Anne Donovan, alisema waziwazi kwamba mtu aliyekulia Marekani, anayeishi na kucheza huko, kisha akavaa jezi ya Urusi, machoni pake si mzalendo. Kule Beijing mataifa hayo mawili yalikutana katika nusu fainali. Marekani ilishinda 67 kwa 52 na baadaye ikatwaa dhahabu. Urusi, pamoja na Hammon, iliifunga China na kupata shaba.

Sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si geni kwetu. Tunamkumbuka Stephen Cherono, kijana wa Kenya ambaye mwaka 2003 alichukua uraia wa Qatar na jina jipya, Saif Saaeed Shaheen. Mwaka huohuo, mjini Paris, alishinda ubingwa wa dunia wa mita 3000 kuruka viunzi na maji, huku kaka yake akikimbia katika fainali hiyohiyo kwa bendera ya Kenya. Mwaka uliofuata Kenya ilikataa kumruhusu aikimbilie Qatar katika Olimpiki ya Athens. Ni maneno gani hayakusemwa juu ya kijana yule? Na ni wangapi kati ya waliosema walijua mazingira aliyotoka?

Nayaheshimu malalamiko ya upande wa pili. Uraia ukigeuzwa bidhaa, mwenye fedha nyingi atanunua jasho la nchi maskini, na timu ya taifa itakosa maana. Ndiyo sababu mwaka 2017 shirikisho la riadha la dunia lilisimamisha uhamisho wa namna hiyo, na mwaka 2018 likaweka masharti mapya, likiwemo la kungoja miaka mitatu. Masharti hayo ni ya haki. Lakini kuwekea jambo sheria ni kitu kimoja, na kumwita mtu msaliti ni kitu kingine. Kabla ya kutamka neno hilo, nadhani tunapaswa kujiuliza maswali mawili.

La kwanza: nani alianza kufunga mlango? Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaweka wajibu wa kuipenda na kuitumikia nchi chini ya amri ya nne, ile ya kuwaheshimu wazazi. Mpangilio huo una mafundisho makubwa. Amri hiyohiyo haisemi juu ya watoto peke yao. Inagusa pia wajibu wa wazazi kwa watoto, na wa wenye mamlaka kwa raia. Mzazi asiyemwandalia mtoto kiti mezani hana haki ya kushangaa akisikia mtoto amekula kwa jirani. Hammon hakuikataa meza ya kwao. Alikuta viti vimegawiwa.

La pili: je, aliikana nchi yake kwa kweli? Kila kiangazi aliendelea kurudi San Antonio na kuwachezea watu wale wale. Mkataba mnono ulikuwapo, hakuna anayeukana, naye pia alieleza kwamba kucheza Olimpiki ilikuwa ndoto yake. Kutafuta ujira mahali unapopatikana si dhambi. Tena, wenzake wengi waliomlaumu au kumnyamazia walipanda ndege zilezile kwenda kulipwa Urusi. Njia hiyo ilikuwa na hatari zake: Brittney Griner, aliyekuwa akichezea klabu ya Ekaterinburg, alikamatwa huko Februari 2022, akahukumiwa miaka tisa, na kuachiwa Desemba kwa kubadilishana wafungwa. Iliwabidi watu wafungwe ndipo wengi waulize kwa nini mchezaji bora hakuweza kupata kwao ujira wa kumfanya apumzike nyumbani.

Na je, Marekani ilimpoteza Hammon? Mwaka 2014 San Antonio Spurs walimwajiri kuwa kocha msaidizi, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo kwa ajira kamili katika ligi ya wanaume, NBA. Kama kocha mkuu aliiongoza Las Vegas Aces kutwaa ubingwa mwaka 2022, 2023 na 2025. Sisemi kwamba mafanikio humtakasa mtu. Nasema kwamba yule aliyeitwa asiye mzalendo amewafundisha mabinti wa nchi yake kwa miaka mingi, na waliomhukumu mwaka 2008 hawakuweza kuliona hilo.

Wapendwa, katika familia zetu wapo waliokwenda Uarabuni, Ulaya na Marekani: wauguzi, walimu, wafanyakazi wa nyumbani. Jumuiyani twawasikia wakisemwa kwamba wamewasahau kwao. Wapo waliosahau kweli, na hao methali yetu inawahusu. Lakini amri ya nane inatukataza kumsingizia jirani, hata aliye mbali. Tumwulize kwanza kama alipotuomba nafasi tulimpa, na aliporudi tulimpokea. Mkataa kwao ni mtumwa; aliyekosa nafasi kwao ni mtoto wetu bado.