"Malaika" na mahari ya dada

Jioni moja huko Lizaboni, Songea, binti wa kidato cha tatu alikuwa akifanya mazoezi ya wimbo atakaouimba kwenye mahafali ya kidato cha nne. Simu aliiegemeza kwenye jagi la maji. Iliyosikika ni sauti ya Angélique Kidjo, mwimbaji kutoka Benin, akiimba "Malaika".

Baba akaingia, akavua viatu. "Zima hayo makelele ya kigeni," akasema. "Kiswahili hakina nyimbo?"

Bibi, aliyekuwa akichambua maharage, akacheka. "Mwanangu, huo ni wa Kiswahili. Wewe umezaliwa umeukuta."

Bibi alisema kweli. Mkenya Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kundi lake la Jambo Boys. Mwaka 1965 ukatoka kwenye albamu ya Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Harry Belafonte wa Marekani. Kidjo akaurudia mwaka 1991. Nani hasa aliutunga, watu wamebishana miaka mingi. Mtanzania Adam Salim naye alidai ni wake.

Wanawake ndio walioutangaza sana duniani, ila anayezungumza ndani ya wimbo ni kijana wa kiume. Anampenda binti, anatamani kumwoa, mali hana.

"Bibi, kwa hiyo walikosana kwa sababu ya mahari?" binti akauliza.

"Hawakukosana. Walishindwa tu."

"Kama dada na shemeji?"

Jikoni, dada mkubwa akaacha kuosha vyombo. Mchumba wake, fundi seremala, alileta barua ya posa miezi minane iliyopita. Ukoo ukataja kiasi. Mshenga akaomba kipunguzwe, baba akakataa. Tangu siku hiyo mshenga hajaonekana, na dada haongei sana mezani.

Baba akavaa viatu vyake, akatoka. Alirudi giza limeshaingia.

"Mahari haifutwi," akamwambia bibi. "Lakini mtu akitaka kuongea, asikilizwe." Kisha akamgeukia dada: "Namba ya yule mshenga unayo?"

Dada alikuwa nayo.

Mzazi, mahari ni heshima kwa familia iliyomlea binti, na hakuna anayesema itupwe. Ila hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu mila ya mahari haikutimizwa. Kwa hiyo kabla ya kutaja kiasi, mwulize binti yako peke yake, bila wajomba na mashangazi kusikia: huyu kijana unamtaka? Ana kazi gani? Akilipa kidogo kidogo, utaona aibu? Makubaliano ya kulipa kwa awamu yaandikwe, mshenga awe na nakala yake, na deni lisije kuwa fimbo ya kuwachapia wanandoa kila wakigombana.

Na mtoto akipiga wimbo usioujua, usikimbilie kuzima. Kaa dakika tatu usikilize. Huenda anakuambia jambo ambalo dada yake ameshindwa kulisema.

Usiku ule, kabla ya kulala, baba aliomba wimbo upigwe tena tangu mwanzo. Dada alitoka jikoni, akakaa karibu na bibi.