WATU WA MBAU SI WATU WA NEW YORK



Munajua ya kuwa kikundi cha ordinateri (ndugu zetu wa Uganda na Kenya wanasema kompyuta) kinatayarisha mchezo mfupi kwa siku ya wazazi. Mchezo wenyewe ni tangazo. Unataka kuwaambia watu wa Mbau kwamba chumba chetu cha mashine kitafunguliwa kila siku ya posho kwa vijana wa kijiji, wavulana kwa wasichana, na kwamba mzazi anaweza kuandikisha mtoto wake hata kama hasomi kwetu. Jambo hilo tunalipenda kabisa. Lakini tumeangalia mazoezi mara mbili, na tunataka kusema wazi: mchezo ule, vile uko sasa, umechukuliwa Marekani na kuletwa hapa bila kubadilishwa hata nguo. Ukichezwa hivyo, wazazi watarudi nyumbani na feza yao mfukoni.

Tuanze na asili yake, maana wengi waliona zile video katika telefone bila kujua ni kitu gani. Ni matangazo ya kampuni ya Apple, yaliyoonyeshwa katika televisheni za Marekani tangu mwaka 2006 mpaka 2009. Yalikuwa 66. Kila mara ni watu wawili wamesimama mbele ya ukuta mweupe. Mmoja, Justin Long, amevaa kama kijana wa mtaani, mikono mfukoni, anasema yeye ni Mac, ndiyo mashine ya Apple. Wa pili, John Hodgman, amevaa koti, tai na miwani, anasema yeye ni PC, ndiyo kusema zile ordinateri zingine zinazotumia Windows, kama zetu. Huyu wa koti kila siku anapata haya: mara anagonjwa, mara anakwama katikati ya maneno, mara anaanguka. Kijana anamtazama kwa huruma kidogo. Watu wanacheka, na kampuni inatumaini kesho yake watanunua Mac.

Sasa, jambo ambalo wenzetu wa kikundi hawakuliangalia ni hili. Wenyewe waliotengeneza matangazo yale hawakuyapeleka kila fasi vile yalivyo. Kwa Japani, mwaka 2006, walitafuta wachekeshaji wawili wa kule, Kobayashi Kentaro na Katagiri Jin, waliojulikana kwa jina la Rahmens. Kwa nini? Kwa sababu kwa Wajapani, mtu kujisifu mbele ya mwenzake na kumshusha waziwazi ni kukosa adabu. Basi wale wawili wakafanywa karibu marafiki: mmoja ni mzuri kwa mambo ya nyumbani, mwingine ni mtu wa kazi za biro. Kicheko kikatoka zaidi katika mwili wa yule PC, namna anavyolegea akiumizwa roho.

Mwaka 2007 wakaenda Uingereza. Pale lugha ni ileile ya Kiingereza, mtu angefikiri hakuna kazi. Hata hivyo walibadilisha watu, wakachukua David Mitchell na Robert Webb, ambao Waingereza waliwazoea katika mchezo wa televisheni unaoitwa Peep Show, na mizaha mingine ikaandikwa upya. Na bado haikuenda sawa kwa wote. Mwandishi mmoja wa gazeti la Guardian, Charlie Brooker, aliandika mwaka uleule kwamba yule PC ndiye mtu wa kupendwa, na yule Mac anaonekana mwenye majivuno tu. Munaona? Kampuni ililipa tangazo, na mtazamaji akampenda yule aliyewekwa achekwe.

Kama Waingereza walimpenda PC, sisi wa Mbau tutasema nini? Hapa kwetu mtu wa koti na tai ni nani? Ni mwalimu. Ni infirmier mkubwa. Ni baba siku ya arusi ya binti yake. Na yule kijana mwenye mikono mfukoni anayemwambia mkubwa makosa yake mbele ya watu, tunamwitaje? Katika mazoezi tumeona mwanafunzi wa darasa la nne amepewa kazi ya Mac, anasimama mbele ya mwenzake aliyevalishwa kama mzee, na anamcheka. Kikundi kinafikiri wazazi watamtaka mtoto wao awe kama huyu. Sisi tunafikiri watasema: "Ndiyo vile ordinateri inafundisha?"

Tena kuna sehemu ya pili, ile inayotuuma.

Katika moja ya matangazo ya kwanza, la mwaka 2006, PC anapiga chafya na kumwambia mwenzake asikaribie, ju ameshika virusi. Anasema mwaka uliopita kulikuwa virusi 114,000 vinavyojulikana kwa mashine za PC. Kisha anaanguka chini pu! Wamarekani wanacheka mara mbili, maana katika lugha yao neno la kuanguka hivyo ni lilelile wanalotumia mashine ikizimika ghafula. Wenzetu wameitafsiri namna hii: mvulana anakohoa, anaanguka, wengine wanakimbia wamefunika pua, mmoja anakuja na ndoo ya maji ya chlore.

Ndugu zetu, hapa ni Mbau. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 serikali ilitangaza Ebola, na ilianzia Mangina, katika teritware yetu ya Beni. Ilitangazwa kwamba imeisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wagonjwa na 2,287 walikufa. Sisi wa darasa la sita tulikuwa watoto, lakini tunakumbuka vizuri vile barabarani kwa bariera watu walinawa mikono na kupimwa joto kwa kipaji cha uso. Siku ya wazazi, kwa benchi za mbele, watakaa watu waliozika mama ao ndugu bila kumgusa. Watakaa pia watu waliopona, ambao jirani walikataa kununua mihogo yao. Ni nani kati yetu atakayesimama mbele yao na kuanguka pu! ili wacheke?

Wengine wamejibu kwamba virusi vya ordinateri si ugonjwa, kila mtu anajua. Hapana, kila mtu hajui. Mwanafunzi anajua. Mama aliyekuja kutoka shamba anasikia neno virusi na anauliza kama mtoto wake atakishika akigusa mashine. Swali lake si la ujinga, neno ni lilelile. Virusi vya mashine ni programu iliyoandikwa na mtu mwenye nia mbaya, inajificha na kupita toka mashine moja mpaka ingine, hasa katika zile clé tunazoazimana kila siku. Kama tunataka mzee aelewe, tuna mfano wa karibu: wadudu wa maharagi. Weka mfuko mmoja ulioingiwa na wadudu karibu na mifuko mizima, baada ya muda utaona. Fasi hiyo mtu anaweza hata kucheka, ju kila nyumba imekwisha kupata hasara ile na hakuna aliyekufa.

Kuna tangazo lingine wanalotaka kufuata, lile ambalo filamu ya Mac inakuja katika sura ya mwanamke mzuri sana, Gisele Bündchen, anayeonyesha mavazi kwa kazi, na filamu ya PC inakuja kama mwanaume aliyevaa robe. Tunasema kwa ufupi. Wasichana walio katika kikundi leo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tukimsimamisha msichana pale mbele atazamwe tu, bila kusema neno, bila kugusa mashine, wale wachache watapungua, na kina mama hawatatuma wengine. Mpeni msichana kazi ya kuendesha ile mashine.

Wala hatuna lazima ya kwenda Japani kuona shida hii. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Lakini mara ngapi tunaona kando ya barabara afishi ya kampuni ya simu, yenye mzaha wa Lingala uliotungwa Kinshasa? Kule Matonge watu wanapasuka mbavu. Hapa Lingala watu wengi wanaisikia zaidi katika kinywa cha askari, basi mzaha wa Lingala unaweza kumfanya mama atafute karata yake ya uchaguzi katika kikwembe. Ni inchi moja, na kicheko kimekwama njiani.

Hatusemi kwamba hakuna kicheko kinachosafiri. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa ordinateri yake ndogo ya kwanza kwa watu wa kawaida, na mashine zile ziliogopesha watu. Walimchukua Charlot. Charlie Chaplin mwenyewe alikuwa amekufa mwaka 1977, basi mchezaji mmoja, Billy Scudder, akavaa kofia yake, viatu vikubwa na fimbo. Tunapenda ujanja wao: yule Charlot ambaye katika filamu yake ya mwaka 1936 alimezwa na mashine ya kiwanda, sasa anakaa mbele ya mashine na kuishinda. Mtu mdogo mwenye shida nyingi anafaulu. Hapo hakuna neno la kutafsiri. Hata babu zetu waliangalia Charlot kwa sinema za misioni, walicheka.

Baadaye, mwaka 1995, IBM ileile ilijaribu njia ingine: watawa wa kike wanatembea, wanazungumza kwa sauti ndogo katika lugha ya Kicheki juu ya mambo ya ordinateri, na kila inchi inasoma maana chini ya picha kwa lugha yake. Mzaha mzuri, lakini kwetu njia hiyo haifai. Wako wazazi wengi wasiojua kusoma, na wale wanaojua watakuwa nyuma chini ya mwembe.

Basi tucheze nini? Tunaona kichekesho kimoja kiko mdomoni mwetu kila siku. Wafaransa wanasema ordinateri ikikwama "ime-planter", na sisi tumechukua neno hilo: mashine imeplanta. Sasa fikirini mtoto anamwambia baba yake mlimaji:

– Papa, mashine imeplanta.
– Imeplanta nini? Kakao ao mihogo?
– Hapana, Papa, imekataa kutembea.
– Ooo. Nilifikiri imeplanta kakao. Ningekuombea mashine hiyo kwa Bwana Prefe hata leo, inisaidie shamba.

Tazameni: hapa papa ndiye mwenye akili ya maneno, na mtoto mwenye ordinateri ndiye anayebaki kukuna kichwa. New York hakuna mtu atakayecheka. Hapa hata motari aliyesimama nje ya ua atacheka. Na kisha mtoto anaweza kuonyesha ile mashine inafanya nini kweli, kwa mfano kuandika hesabu ya mavuno ya mwaka mzima bila karatasi kulowa na mvua.

Kuna mmoja alitoa shauri la kumchezesha mnunuzi wa kakao mwenye mzani wa bongo, halafu ordinateri inatoa kilo za kweli. Mchezo huo utapata makofi mengi kuliko yote. Lakini sisi hatuukubali. Kwanza, kati ya wazazi wetu wako wanunuzi wa kakao. Tena, ordinateri haipimi kilo, inaandika tu namba ambayo mtu anaipa. Tukiahidi mzani wa kweli tutakuwa tumedanganya kama yule mnunuzi.

Jambo moja dogo tena. Katika mchezo, mashine inakwama na taa zote zinawaka. Kwetu mashine ikizimika, mtu anafikiri kwanza plake ya jua ao esansi ya grupu. Semeni wazi mbele ya watu kwamba moto uko, la sivyo watageuza vichwa kutafuta fundi.

Tunajua wako watakaosema tunarudisha masomo nyuma, kicheko ni kicheko, vijana wote wataelewa. Ndiyo, vijana wataelewa. Lakini kijana si yeye anayelipa, wala si yeye anayempa dada yake ruhusa ya kutoka nyumbani siku ya posho, siku ya kazi za shamba na soko.

Kikundi kinarudia mazoezi siku ya tatu saa tisa, katika darasa la tano. Tumeomba waite mama mmoja anayeuza sokoni na motari mmoja, watu wasio na mtoto kwetu, wakae waangalie toka mwanzo mpaka mwisho. Mahali ambapo hao wawili hawatacheka, tuwaulize kwa nini, na pale wakiumia, pakatwe. Mwalimu wa kikundi amekubali. Tumebakiwa na kumpata huyo mama. Mwenye kumjua mmoja aje atuone kwa mlango wa biblioteke.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita