Akilala mchana, yuko kazini

Mama mmoja anayeishi ghorofani Kariakoo aliniuliza swali ambalo nadhani linazihusu nyumba nyingi. Mumewe ni rubani msaidizi. Kuna wiki anatoka nyumbani saa tisa usiku kuwahi ndege ya alfajiri, na kuna wiki anarudi saa saba usiku. Mchana analala. Mtoto wao wa miaka saba anajua baba yupo, kwa hiyo anagonga mlango kila baada ya dakika kumi. Mama mkwe naye akija kuwatembelea anaguna: mwanamume mzima, saa sita mchana, yuko kitandani wakati wenzake wako sokoni.

"Nimzuie mtoto au nimwamshe baba?" ndilo lilikuwa swali lake.

Mzuie mtoto. Huyo baba amelala kwa sababu sheria inamtaka apumzike, na kuna abiria ambao usalama wao unategemea usingizi huo.

Kazi ya rubani ni miongoni mwa chache sana ambazo uchovu wake unahesabiwa kwa saa na kuandikwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) linaitaka kila nchi iweke mipaka ya saa za kuruka, saa za kuwa kazini na saa za kupumzika. Hapa kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Ulaya, kwa mfano, rubani hatakiwi kuzidisha saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, wala saa 900 kwa mwaka. Najua muuza nguo wa Mtaa wa Kongo atacheka akisikia hivyo, maana saa 900 yeye anazimaliza kwa miezi mitatu. Lakini hizo ni saa za ndege kuwa safarini tu. Kukagua hali ya hewa, kupanga mafuta, kusubiri abiria, kukaa uwanjani ndege inapochelewa, vyote vinahesabiwa pembeni kama saa za kazi, navyo vina mpaka wake: huko huko Ulaya ni saa 60 ndani ya siku saba.

Tatizo ni kwamba kanuni inaweza kumpa mtu saa za kupumzika, lakini haiwezi kumpa usingizi. Chukua saa kumi na mbili za mapumziko. Toa foleni ya Barabara ya Nyerere kwenda na kurudi, toa kuoga na kula, toa muda wa kujiandaa na kuripoti uwanjani. Zinazobaki anazipeleka kwenye chumba ambacho chini yake kuna spika inayorudia "elfu mbili mbili" tangu asubuhi, jenereta la jirani, mikokoteni na honi za bodaboda. Akipata saa tano za usingizi wa kweli amebahatika. Mtu mzima anahitaji saba au zaidi.

Na usingizi wa mchana haulingani na wa usiku hata chumba kikiwa kimya. Mwili una saa yake ya ndani inayoongozwa na mwanga. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi joto la mwili hushuka, akili hupungua kasi, na kila kiungo kinadai kulala. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Akikesha saa 24, ni kama ana asilimia 0.10. Hakuna mzazi atakayempandisha mwanawe gari la dereva mlevi, ila dereva aliyekesha tunampa hata kahawa na kumwambia "komaa".

Mei 22, 2010 ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilifika Mangalore, India, asubuhi na mapema. Kapteni alikuwa amelala zaidi ya saa moja na nusu angani, na kinasa sauti kilinasa mkoromo wake. Aliamka akili ikiwa bado nzito. Rubani msaidizi alimwambia mara tatu wapae tena wajaribu upya, hakusikiliza. Ndege ilipitiliza mwisho wa njia na watu 158 kati ya 166 waliokuwemo wakafa.

Karibu zaidi na sisi, Agosti 2022, ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Khartoum ilifika Addis Ababa na kupita bila kuanza kushuka. Taarifa zilizosambaa zilisema marubani wote wawili walikuwa wamelala, wakaamshwa na king'ora cha mtambo wa kuongoza ndege ulipojizima. Walitua salama. Kampuni ilisema mawasiliano yalipotea kwa muda, ikawaondoa kazini wakati uchunguzi ukiendelea.

Hapo kwenye kuondolewa kazini ndipo nataka tukae kidogo. Kanuni za anga zinasema rubani asiruke akijua amechoka kiasi cha kuhatarisha safari. Ni kanuni nzuri. Lakini inamtaka mtu apige simu saa tisa usiku na kumwambia bosi, "Leo siwezi." Mwenye ajira ya uhakika anaweza kupiga simu hiyo. Mwenye mkataba unaoisha mwezi ujao, ana ada za shule na mkopo wa mafunzo ya urubani, atanawa uso na kwenda. Mimi ninaona kwamba usalama wa ajira na usalama wa abiria havitenganishiki, ingawa magazetini kimoja kinaandikwa ukurasa wa uchumi na kingine ukurasa wa ajali.

Na ajira hiyo haijawahi kuwa ya uhakika sana. Air Tanzania ilizuiwa kuruka Desemba 2008 baada ya kupoteza cheti chake cha uendeshaji. Fastjet ilianza safari zake Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, na kufikia mwisho wa 2018 ikawa imesimama. Muuza duka akiachishwa kazi Mtaa wa Msimbazi anaweza kesho kusimama duka la pili. Rubani ana leseni ya aina fulani ya ndege, na kampuni zenye ndege hizo nchini ni za kuhesabu kwa vidole.

Novemba 5, 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, abiria wakakwama Nairobi. Ilikuwa rahisi kuwaona kama watu wa mishahara minono wanaotaka zaidi. Lakini kati ya madai makuu ya chama chao, KALPA, ni michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni iliyosimamishwa wakati wa Uviko, pamoja na mishahara iliyokuwa imezuiwa. Walikuwa wanauliza watakula nini siku wakiacha kuruka. Mahakama iliwaamuru warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya Novemba 9, na ikaitaka kampuni isiwachukulie hatua za nidhamu.

Kuna na jambo la afya yenyewe. Rubani wa ndege za abiria lazima apimwe na daktari aliyeidhinishwa, kwa kawaida kila mwaka, na akifikisha miaka 60 kila miezi sita. Moyo, macho, masikio, akili. Akishindwa kupita, leseni inabaki karatasi tu. Kwa hiyo wapo wanaoficha sonona au kukosa usingizi kwa kuogopa kupoteza kazi. Mwenza ndiye wa kwanza kuona: hasira za ghafla, pombe ya "kutafuta usingizi", kukaa gizani peke yake. Mshawishi aende kwa daktari mapema, kabla tatizo halijawa kubwa kiasi cha kumfungia milango.

Angalizo dogo kwa mwenye mafua ndani ya nyumba: usimpe rubani Piriton ya duka la jirani. Inaleta usingizi, na haruhusiwi kuruka akiwa ametumia. Aulize daktari wake wa anga kwanza.

Sasa nyumbani. Mwombe rosta na uibandike kwenye mlango wa friji, siku za kulala mchana zipakwe rangi moja ambayo mtoto anaielewa. Mtoto wa miaka saba anaelewa "baba anaamka saa kumi" kuliko anavyoelewa "usimsumbue baba". Chumba cha kulala kiwe cha upande wa uani hata kama ni kidogo, pazia liwe zito, au kitenge kilichokunjwa mara mbili. Simu ya baba akae nayo mama, isipokuwa siku za kusubiri kuitwa. Na akiamka, nusu saa ya kwanza iwe ya mtoto, kabla ya simu na kabla ya wageni. Mtoto akishaizoea hiyo nusu saa, mlango haugongwi sana.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu si marubani. Ni wauguzi, walinzi, madereva, na wanaopanga mizigo maghalani mpaka alfajiri. Mwili wao unachoka vilevile, na sheria imewagusa pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kila siku na saa 24 kila wiki. Usiku, kisheria, ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mjamzito hatakiwi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi uliopita uone kama hiyo asilimia 5 imo.