Si kila kitu kinahitaji programu

Waandishi wenzangu wa programu, leo mtanisamehe. Tuna ugonjwa: tukionyeshwa tatizo lolote, tunaitisha tarakilishi!

Niliwahi kuandika programu ya kuendesha pampu katika maabara fulani. Kazi yake ilikuwa kusukuma damu kwenye chipu yenye mifereji myembamba kuliko unywele, seli zitengane kwa ukubwa. Chipu ilitosha kiganjani. Kando yake kulikuwa na pampu, hadubini, kamera na tarakilishi. Eti hiyo ndiyo maabara ya kubebeka! Siku moja stima ikapotea, pampu ikasimama, seli zikatuama na kuziba mifereji. Programu yangu haikufaa kitu.

Sasa tazameni. Mwaka 2004 watafiti wa Princeton walichapisha njia nyingine katika jarida la Science. Ndani ya mfereji walipanga safu za nguzo ndogo mno, kila safu ikiwa imesogezwa upande kidogo kuliko iliyotangulia. Kwenye mfereji mwembamba hivyo, maji hayavurugiki. Huenda kwa matabaka. Chembe ndogo hupindapinda na maji, ikaendelea na njia yake. Chembe inayozidi kipimo fulani hugonga nguzo na kusukumwa upande, nguzo baada ya nguzo, mpaka ikatokea mlango wake. Hiyo ni “kama... basi...” iliyoandikwa kwa nguzo! Kusukuma bado utasukuma, lakini uamuzi haumo kwenye pampu wala kwenye programu.

Mtasema nguzo zikishajengwa hazibadiliki, na huziba. Kweli. Umeme, sauti na mwanga huhamisha seli upendavyo. Arthur Ashkin alituzwa Nobel mwaka 2018 kwa kibano chake cha mwanga. Mtafiti mwenye swali jipya kila siku anavihitaji. Zahanati huuliza swali lilelile kila siku.

Na jibu la namna hiyo tunalijua sote: kipimo cha haraka cha malaria. Tone la damu, matone ya dawa, utepe unanyonya, chembe za dhahabu zinabebwa hadi kwenye mstari. Baada ya dakika 15 hivi, unasoma. Hakuna plagi!

Basi kabla hujagusa kibodi, jiulize: je, mfereji wenyewe hauwezi kuifanya kazi hii? Ukiweza, mgonjwa hatasubiri stima irudi. Nasi tutafute kazi nyingine, zipo tele.