Ukinunua mashine ya kufyonza vumbi, uliza kwanza vumbi linakwenda wapi

Katika mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru, Eldoret na hata Mombasa kwenye joto, zulia ni dalili ya heshima. Sebule isiyo na zulia huonekana kama haijakamilika. Kuna nyumba zilizotandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, sebuleni, kwenye ngazi na hata katika vyumba vya watoto. Siwalaumu wenye nyumba hizo. Zulia hutia joto baridi ya Julai inapobisha hodi, hupunguza kelele, na mtoto anayejifunza kutembea akianguka haumii sana.

Hata hivyo, zulia ni ghala. Udongo unaoletwa na viatu, vumbi la barabarani, makombo ya chakula, manyoya ya paka na chembe za ngozi zinazotutoka kila siku, vyote huingia humo na kukaa. Ndipo familia huamua kununua mashine ya kufyonza vumbi. Baba huenda Luthuli Avenue au katika supamaketi, huulizia bei, huangalia rangi, husoma wati, kisha hurudi nyumbani na katoni begani. Ni nadra kusikia mtu akiuliza swali lililo muhimu kuliko yote: Je, vumbi likishaingia ndani ya mashine hii, linakwenda wapi?

Maoni yangu ni kwamba katika nyumba kubwa yenye mazulia, na hasa ikiwa kuna mtu mwenye pumu, swali hilo litangulie bei, wati na urembo. Mashine isiyoweza kulizuia vumbi ililolivuta ni kama mtu anayechota maji kwa pakacha. Huliondoa vumbi sakafuni, ambako lilikuwa limetulia, na kulipuliza hewani, ambako watoto watalivuta.

Adui asiyeonekana

Wengi wetu tunadhani kuwa vumbi la nyumbani ni udongo tu. La hasha. Ndani ya mazulia, magodoro, mito na makochi ya kitambaa huishi vijidudu vidogo mno, jamaa ya utitiri unaosumbua kuku. Urefu wa kijidudu kimoja ni kama robo ya milimita, na macho matupu huona kwa shida. Haviumi, wala havinyonyi damu. Chakula chavyo ni zile chembe za ngozi yetu. Katika miaka ya 1960 watafiti wa mji wa Leiden, Uholanzi, ndio waliobainisha kwamba vijidudu hivi ni chanzo kikubwa cha mzio unaoletwa na vumbi la nyumbani.

Kinachodhuru hasa ni kinyesi cha vijidudu hivyo na vipande vya miili yao. Vikivutwa na mtu mwenye mzio, pua huwasha, macho hutoa machozi, na mwenye pumu hubanwa kifua. Vijidudu hivi hupenda unyevu. Kwa hivyo mkazi wa Mombasa au Kisumu ana sababu ya kujihadhari mwaka mzima, naye wa Nairobi asijidanganye kwamba baridi inamlinda. Msimu wa mvua madirisha hufungwa, nguo huanikwa ndani, na zulia lililooshwa hukaa na umajimaji siku nyingi.

Mashine iliyozaliwa na pumu

Ni vyema tukumbuke mashine hii ilitoka wapi. Mnamo 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mtambo mkubwa uliovutwa na farasi, ukiegeshwa nje ya nyumba na mabomba yake yakipitishwa madirishani. Lakini mashine ndogo ya umeme inayofanana na zetu ilitoka mikononi mwa mfanyakazi wa kufagia. James Murray Spangler alikuwa msafishaji katika duka moja la mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na aliona kwamba vumbi lililotimuliwa na kifaa cha kufagilia mazulia ndilo lililomkohoza. Mwaka wa 1907 alichukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaunda mashine yake. Mwaka uliofuata alipata hataza, kisha akauza haki zake kwa William Hoover, ambaye jina lake likawa maarufu duniani.

Tazama basi, msomaji. Mashine hii haikubuniwa ili sebule ipendeze macho ya wageni. Ilibuniwa na mtu wa kazi aliyetaka kupumua. Yeyote anayeinunua leo bila kufikiria mapafu ya atakayeisukuma ameisahau asili yake.

Wati si nguvu

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuabudu wati. Muuzaji husema hii ni wati 2000, ile ni wati 800, na mteja hukimbilia ile kubwa. Wati hueleza kiasi cha stima kinacholiwa na mashine, si uwezo wake wa kuvuta vumbi. Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku uuzaji wa mashine mpya zinazozidi wati 1600 kuanzia Septemba 2014, kisha ikateremsha kiwango hicho hadi chini ya wati 900 kuanzia Septemba 2017. Watu wa huko hawakurudia mafagio. Viwanda vilitengeneza mota, mabomba na vichwa bora zaidi.

Fanya hesabu mwenyewe. Mashine ya wati 2000 ikifanya kazi kwa nusu saa hula yuniti moja nzima ya stima. Ya wati 800 haifikishi nusu ya yuniti. Katika nyumba kubwa ambako kazi huchukua saa nzima, mara mbili kwa wiki, tofauti hiyo utaiona kwenye tokeni zako.

Kinachosafisha zulia nene ni kichwa cha mashine. Tafuta chenye brashi inayozunguka, kwa maana hiyo ndiyo hupenya kati ya nyuzi na kuutikisa uchafu ili uvutwe. Kichwa bapa kisicho na brashi hufaa kwenye vigae. Lakini hakikisha brashi hiyo inaweza kuzimwa au kuinuliwa. Yale mazulia ya manyoya marefu yanayopendwa sana siku hizi hujisokota kwenye brashi, na hapo mota huweza kuungua.

Kichujio, mfuko na viungo

Sasa tulirudie swali letu. Hewa iliyovutwa pamoja na vumbi lazima itoke upande wa pili. Kinachoamua kama itatoka safi ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni kichujio. Kile kinachoitwa HEPA, kwa kipimo cha Marekani, huzuia asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi, kwa hivyo ni chembe ndogo mno. Jihadhari na maneno kama "mfano wa HEPA" au "aina ya HEPA" yaliyoandikwa kwenye katoni, kwani hayo hayakuahidi chochote. Tafuta daraja lililoandikwa wazi, kwa mfano H13.

Cha pili ni mfuko. Mashine zisizo na mfuko zimependwa kwa sababu hakuna gharama ya kununua mifuko. Lakini siku ya kumwaga lile kopo, wingu la vumbi humrudia anayemwaga usoni. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu, mimi napendekeza mashine ya mfuko wa tabaka kadhaa, unaofungwa na kutupwa ukiwa umezibwa. Kabla ya kulipa, uliza kama mifuko hiyo inapatikana hapa nchini. Mashine nyingi za mitumba kutoka ng'ambo hukaa stoo zikiwa nzima, kwa kuwa mifuko yake haipatikani.

Cha tatu ndicho husahaulika zaidi, nacho ni viungo vya mashine yenyewe. Kichujio kizuri ndani ya mwili unaovuja hakina faida, kwa sababu hewa hupita njia rahisi. Mwombe muuzaji aiwashe. Pitisha mkono kuzunguka kifuniko na mahali bomba linapoingia. Ukihisi upepo ukitoka mahali pasipokuwa tundu la kutolea hewa, iache hapo hapo. Muuzaji akikataa kuiwasha, amekwisha kukujibu.

Isitoshe, fikiria ukubwa wa nyumba. Kwa nyumba ya ghorofa, kama zile za Buruburu, mashine nzito ni adhabu kwenye ngazi. Pima urefu wa waya. Ukilazimika kutumia waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye gurudumu, ukunjue wote, kwani ukibaki umezungushwa hupata moto. Zile zisizo na waya zinazotumia betri ni nyepesi na zinasaidia stima inapopotea, lakini nyingi huishiwa nguvu kabla hujamaliza nyumba kubwa. Na wale wachuuzi wanaokuja kufyonza godoro lako na kukuonyesha vumbi jeusi ili ushtuke, kumbuka kwamba karibu mashine yoyote itatoa vumbi kwenye godoro lolote. Hiyo si sababu ya kukopa pesa.

Anayeisukuma ni nani?

Hapa ndipo ninapotaka tuzungumze bila kufichana. Katika nyumba nyingi za mjini, anayenunua mashine siye anayeitumia. Mfanyakazi wa nyumbani ndiye huisukuma, ndiye humwaga vumbi, na ndiye hulala akikohoa. Mara nyingi hakuna aliyemweleza kichujio kiko wapi. Kichujio kikiziba, mashine hupoteza nguvu, naye hulaumiwa kwamba ni mvivu.

Mwajiri muungwana ataketi naye siku ya kwanza wasome kitabu cha maelezo pamoja. Atamnunulia barakoa ya kuvaa anapomwaga vumbi, na kazi hiyo itafanyiwa nje, si jikoni. Kichujio kinachooshwa kitakaushwa kabisa, angalau kwa siku nzima, kabla ya kurudishwa, maana kikiwa na unyevu huota ukungu. Zulia litapitiwa polepole, kwenda na kurudi, madirisha yakiwa wazi. Mwenye pumu atakaa nje ya chumba hicho kwa nusu saa hivi baada ya kazi, mpaka vumbi lililoinuka litulie. Na ikiwa mfanyakazi huyo mwenyewe ana pumu, kazi hii apewe mwingine katika familia. Hakuna aibu kwa mwenye nyumba kusukuma mashine aliyoinunua.

Mashine si daktari

Nisije nikaeleweka vibaya. Hakuna mashine inayotibu pumu, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakuhadaa. Mwaka wa 2008, wachunguzi wa shirika la Cochrane walichapisha matokeo ya majaribio 54 kuhusu mbinu za kupunguza vijidudu vya vumbi kwa wagonjwa wa pumu. Hawakupata ushahidi kwamba mbinu hizo huwapa wagonjwa nafuu. Vijidudu vilivyo hai hung'ang'ania nyuzi za zulia, na kufyonza peke yake hakuvimalizi.

Kwa hivyo dawa ya kuvuta iliyoagizwa na daktari isiachwe hata siku moja eti kwa kuwa nyumba imesafishwa. Mashine nzuri ina kazi ya kuondoa uchafu bila kumwongezea mgonjwa mzigo. Hilo si jambo dogo, kwa sababu mashine mbovu humwongezea.

Ikiwa mfuko wako hauruhusu kununua mashine nzuri ya nyumba nzima, usinunue mbaya ya nyumba nzima. Anza kwa kuondoa zulia katika chumba anacholala mwenye pumu. Sakafu ya saruji au vigae hupanguswa kwa kitambaa chenye maji, na vumbi haliruki. Mashuka na foronya zifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60 kila wiki, kwani maji baridi huondoa uchafu lakini hayaui vijidudu. Mazulia madogo yatolewe nje yaanikwe kwenye jua kali hadi yakauke kabisa, kisha yakung'utwe mbali na mlango. Hapo utakuwa umebakiwa na zulia la sebule pekee, na pesa ulizokusudia kutawanya zitatosha mashine moja iliyo imara.

Wauzaji nao wana wajibu. Muuzaji anayejua bei ya kila mashine dukani mwake lakini hajui kama kichujio chake hubadilishwa au huoshwa, hajaifahamu bidhaa anayoiuza. Wanunuzi tukianza kuuliza, wataanza kujifunza.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Utakaposimama dukani, sahau wati na rangi kwa dakika tano. Uliza vumbi linakwenda wapi, mifuko inauzwa wapi, na vichujio vinapatikana kwa nani. Kisha kumbuka kifua cha mtoto wako, na cha yule atakayeisukuma mashine hiyo ukiwa kazini.